Choya kwa Presha ya Bibi

Mama mdogo alinipigia simu nikiwa nimepiga magoti uani, nachambua choya. Maua makavu nilikuwa nimeyamwaga juu ya kitambaa cheupe, naondoa kila lenye doa, kila lililovunjika ncha, kila ambalo wekundu wake ulikuwa umefifia kuliko wa wenzake. Hakuna aliyeniagiza kufanya hivyo. Chai ya choya ikishachujwa, mnywaji hawezi kujua kwamba ua moja lilikuwa na doa. Lakini mimi ningejua.

"Bibi yako kadondosha kikombe," alisema.

"Kimevunjika?"

"Ni cha bati. Mkono ndio uliomwishia nguvu. Na kichwa kinamgonga tangu jana. Tumetoka naye zahanati sasa hivi, presha imepanda mno. Nesi kampa dawa, katuweka pale mpaka ikashuka kidogo. Kasema mkono ukilegea tena, au maneno yakianza kumponyoka, twende hospitali moja kwa moja, tusipitie kwake. Vinginevyo kesho tumrudishe apimwe."

"Kwani vidonge vyake hamezi?"

"Hicho ndicho ninachokupigia. Nimevikuta vyote kwenye kopo la maziwa, havijaguswa. Nimemuuliza. Anasema yeye anatibiwa na wewe."

Nilitazama maua yaliyopangwa mbele yangu, mazuri mkono wa kulia, mabaya kushoto.

"Njoo umwambie mwenyewe," mama mdogo aliendelea. "Mimi hanisikii. Mimi mtoto wake tu, daktari ni wewe." Neno daktari alilitamka polepole ili linichome, na lilinichoma.

Sijasomea kitu chochote kinachohusu dawa. Nilimaliza kidato cha nne, nikahamia Mbinga mjini kushona, na katika uwanja mdogo nyuma ya chumba nilichopanga nikaanza kupanda mchaichai kwa sababu jirani alinipa shina. Baada ya hapo sikuweza kuacha. Nilipanda mnanaa, rozimari, kotmiri, kivumbasi. Nilijifunza kwa simu, kwa kuuliza akina mama wa sokoni mpaka wakanichoka, na kwa kukosea. Kotmiri niliitia kwenye maharage, rozimari kwenye viazi, na mara ya kwanza mwenye nyumba alipoonja alisema chakula changu kinanuka kama kanisa siku ya sikukuu. Sikujua kama ananisifu. Niliwaza jambo hilo wiki nzima.

Chakula hakikunitisha sana. Chakula kikiharibika, watu wanacheka, wanakunywa maji. Ila mtu akisema anaumwa tumbo na mimi nikampa majani, nilikuwa sipumui vizuri mpaka nimwone tena anatembea. Nilikuwa nanusa jani, nalitazama mgongoni, nalilinganisha na picha, nanusa tena. Nilidhani woga huo unatosha kunilinda. Nilidhani hatari iko kwenye jani, kwamba nikilijua jani sawasawa hakuna baya litakalotokea.

Choya haiipendi baridi ya Mbinga. Yangu hapa ilitoa vijiti vifupi na maua ya kuhesabika, kwa hiyo mbegu nilizipeleka kwa bibi, mama yake mama, anayeishi upande wa Kihagara, karibu na ziwa. Kule joto linaikuza mpaka inampita mtu kimo. Bibi alikuwa anaivuna, anaweka kwenye mfuko, anaupakia kwenye gari la kuja Mbinga. Mimi nakausha, nachambua, natia kwenye chupa zenye vifuniko, narudisha. Nilishamwambia kwamba anaweza kukausha mwenyewe, jua la kwake ni kali kuliko la kwangu. Alikataa. "Lazima ipite mkononi mwako," alisema. Nilifurahi. Nilifikiri anasifu usafi wangu.

Nilifunga choya kwenye kitambaa kile kile, nikaenda stendi.

Barabara ya kuteremka ziwani ina kona nyingi, na kila kona nilikuwa natunga maneno. Naomba niseme ukweli hapa: maneno ya kwanza niliyotunga hayakuwa ya kumwokoa bibi. Yalikuwa ya kujitetea. Sikuwahi kumwambia aache vidonge. Nilikumbuka mazungumzo yetu yote ya simu, nikayapitia kama mtu anayepekua mifuko ya koti, na kweli, sikuwahi. Lakini sikuwahi pia kumuuliza kama anavimeza. Aliponiambia kwamba kichwa kimepona tangu aanze choya yangu, kwamba amewasimulia wanakwaya wenzake, kwamba wawili wanaitaka na wao, sikuuliza jambo lolote. Niliagiza chupa zaidi.

Niliposhuka nilichukua bodaboda. Ziwa lilikuwa linaonekana upande mmoja, kimya, na kijana wa bodaboda akaniuliza kama naenda msibani kwa jinsi nilivyojikunja. Nikamwambia hapana. Nikajiuliza kama ni kweli.

Bibi alikuwa amekaa barazani kwenye mkeka, anachambua usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulilala pajani. Wanakwaya wawili walikuwa wamekaa naye, mmoja mnene mwenye kitambaa cha bluu kichwani, mwingine mwembamba ambaye mguu wake mmoja ameunyoosha.

"Shikamoo bibi. Shikamooni."

"Marahaba, mke mwenza," bibi alisema. Ananiita hivyo tangu nizaliwe, kwa utani wa babu, na babu alipofariki hakuacha. "Umekuja mbio hivi, umesikia nakufa, unaogopa nitamfuata mume wetu peke yangu?"

Wanawake wale wakacheka. Alikuwa anaongea vizuri. Maneno hayakuwa yanamponyoka. Nilimtazama mdomo kwa makini mpaka akaniuliza kama ana ugali usoni.

"Bibi, vidonge."

"Vipo. Mama yako mdogo ameshavipekua."

"Kwa nini hukuvimeza?"

Aliweka dagaa chini, akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini watu wanavaa nguo. "Nitamezaje na wewe ndiye unayenitibu? Mikono miwili ikiingia tumbo moja, kila mmoja unamwachia mwenzake kazi. Mwisho hakuna anayefanya."

Yule mwembamba akatikisa kichwa kukubali.

"Nesi sikumdharau," bibi aliendelea. "Amenipa kwa wema, nimepokea kwa mikono miwili, nimeviweka pazuri. Ila wewe damu yangu, nikuache wewe nimchague yeye? Ningekuambia nini?"

Sasa nilielewa kwa nini choya yake mwenyewe, iliyoota uani kwake, ilikuwa inapanda milima hadi Mbinga na kushuka tena. Kwake dawa haikuwa kwenye ua. Ilikuwa kwenye mkono. Na mimi, niliyekuwa natupa maua yenye doa, nilikuwa namtia mkono wangu tumboni kila asubuhi bila kujua kwamba unausukuma wa nesi nje.

"Basi mimi nakuruhusu," nilisema haraka. "Kunywa vyote viwili. Nimeruhusu."

"Ruhusa siyo kunawa."

Sikujua kunawa ni nini. Mwenye kitambaa cha bluu ndiye aliyenieleza, kwa upole. Kwa watu wa zamani wa hapa, alisema, mtu aliyekupa dawa akiona amefika mwisho wa uwezo wake, anakuja mlangoni kwako, anaomba maji, ananawa mbele ya watu, anaondoka. Hakuna ugomvi. Mgonjwa anakuwa huru kwenda kwa mwingine. Lakini aliyenawa, kwa ugonjwa ule, hatoi tena dawa. Si kwa mgonjwa yule tu. Kwa yeyote.

"Siku hizi wengi wameacha," alimalizia. "Bibi yako hajaacha."

"Na mimi nimekuja kuchukua yangu ya presha," mwembamba alisema, kana kwamba hayamhusu. "Umeleta?"

Mkononi nilikuwa na kitambaa cheupe. Nilisema naenda kumsalimia mama mdogo jikoni.

Mama mdogo alikuwa anachochea moto. Sikumaliza kumweleza. Alifuta mikono, akachukua kidonge kimoja kutoka kwenye kopo, akakiweka kwenye kijiko cha chuma na kunipa kijiko kingine.

"Saga."

"Nini?"

"Saga, utie kwenye choya yako. Ile chai kali, ataonja nini? Anameza dawa ya nesi, anadhani ni yako. Kila mtu amefurahi. Wewe unabaki daktari."

"Na kesho?"

"Kesho nasaga mimi. Unafikiri nitashindwa?"

Maji yalikuwa yanachemka. Nilitia choya, na wekundu ukaanza kutoka kama siku zote, kwanza uzi mwembamba, kisha sufuria nzima. Nilisimama na vijiko viwili mkononi, kidonge katikati. Na nakiri kwamba nilikibana. Nilisikia kikikwaruza. Lilikuwa suluhisho safi kuliko lolote nililowahi kufikiria: presha ingeshuka, choya ingesifiwa, wanakwaya wangeondoka na chupa zao, na hakuna mtu duniani ambaye angeona doa.

Kilichonisimamisha ni wazo dogo. Bibi angepona. Kisha angeinuka na kuzunguka vijiji vyote akisema kilichomponya ni hiki. Yule mwembamba aliyeko barazani angekunywa choya ambayo haina kidonge ndani. Hakuna mtu wa kumsagia.

"Hebu," mama mdogo alisema, "mbona umesimama? Moto unakula kuni."

"Sisagi."

"Basi kanawe, na maji yako hapo kwenye ndoo. Au unaogopa maji?"

Nilikuwa nayaogopa. Sijui nilieleze vipi hili bila kuonekana mjinga. Sikuwa na cheti, sikuwa na cheo, nilikuwa na cherehani na chupa za majani zilizopangwa kwa urefu, na kwa miezi hii michache watu wa kijiji kizima walikuwa wamesema kuna kitu ninachokijua. Nilikuwa naenda kuwaambia sikijui. Tena kwa namna ambayo hairudi nyuma.

Nilichota maji kwenye jagi, nikachukua beseni, nikatoka.

Bibi alitazama beseni, kisha uso wangu, na nikaona kitu kikimpita usoni ambacho sikukitegemea. Nilidhani atafarijika. Alionekana kama mtu anayeachwa stendi.

"Nani atanimiminia?" niliuliza.

Mwenye kitambaa cha bluu aliinuka. Nilichuchumaa kizingitini, mikono juu ya beseni. Alimimina polepole. Vidole vyangu vilikuwa na rangi ya choya mpaka kwenye kucha, na maji yakaanguka mekundu kidogo, kisha meupe. Nilikuwa sijui kama kuna maneno ya kusema.

"Niseme nini?"

"Sema kweli tu," alisema.

"Presha siiwezi," nilisema. "Sikuiweza tangu mwanzo. Sikujua. Bibi, na mama hapo, msinywe choya yangu kwa ajili ya presha mkaacha vya hospitali. Nimenawa."

Mwembamba akaukunja mguu wake.

"Mimi sijaenda hata kupimwa," alisema. "Niliona bibi yako kapona, nikajua na mimi ni presha. Yangu ni magoti, kwa kweli. Na kizunguzungu kidogo."

"Basi kesho tunakwenda wote," bibi alimwambia. "Kizunguzungu kidogo, usingesema? Umekaa hapa unasubiri chupa."

Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kwa mama mdogo, bila kunitazama. "Lete hivyo vidonge vya nesi."

Mama mdogo alileta kidonge na maji. Bibi alimeza, akafungua mdomo wazi, akautoa ulimi kunionyesha, kama anavyofanya mtoto. Nilicheka. Nilikuwa pia nalia, lakini kidogo, na nilijifanya ni moshi, ingawa tulikuwa nje.

Wageni walipoondoka nilichukua panga dogo, nikaelekea kwenye choya zake, zile ndefu pembeni ya nyumba. Nilitaka kuzikata. Nilitaka pasibaki hata shina.

"Unafanya nini?" bibi aliuliza.

"Nimenawa. Zikae za nini?"

"Mke mwenza, wewe una wazimu. Umenawa kikombe. Sufuria umeinawa lini?"

Sikuelewa.

"Nilikuwa nakula majani ya choya kabla mama yako hajaota meno," alisema. "Yale ya zamani yaliisha mvua ilipokosekana mwaka mmoja, mpaka ulipoleta mbegu zako. Kinachochujwa na kunywewa kwa kipimo ni dawa. Kinachopikwa na kuliwa na ugali ni mboga, hakina mkono wa mtu. Chuma majani machanga, yale ya juu. Hawa usipa wananisubiri."

Sikuwahi kupika majani yake. Mwaka mzima nilikuwa nashughulika na maua tu. Nilichuma, naye akanielekeza akiwa pale pale barazani, kwa sauti ya kuvuka uwanja: yasikatwe kwa kisu bali yachanwe kwa mkono, yachemke kwanza peke yake mpaka rangi igeuke, maji ya kwanza yamwagwe kama hupendi ukali, kisha kitunguu, nyanya, usipa waliokaangwa kidogo. Nilifanya kila kitu alivyosema. Hata hivyo nilikuwa natoka mlangoni kila mara kumtazama mkono. Alipoona nimetoka tena, aliuinua ule wa kulia hewani, akachezesha vidole vitatu. Vile viwili vingine vilichelewa.

Alikula vizuri jioni ile. Alisema uchachu umekaa mahali pake. Mimi sikuweza kula.

Asubuhi tulikwenda zahanati, bibi na mimi, na yule mwembamba nyuma yetu akichechemea kwa mguu wake. Wagonjwa walikuwa wengi. Tulikaa kwenye benchi, bibi katikati, na kila alipofumba macho nilimgusa bega, mpaka akaniambia niache, anasali.

Nesi alikuwa dada wa umri wangu tu, labda kunizidi kidogo. Alipotuita, bibi aliingia, akaketi, akasema kabla hajaulizwa: "Huyu mjukuu wangu amenawa. Sasa niko mkononi mwako."

"Amenawa nini?" nesi aliuliza.

"Mambo ya nyumbani, mwanangu. Wewe pima."

Akamnyooshea mkono. Ulikuwa mkono ule ule uliokuwa unashika kikombe cha choya yangu, na aliunyoosha kwa imani ile ile, bila kugeuka kunitazama. Nilikuwa nimekuja mbio kutoka Mbinga kutafuta jambo hili hili, na lilipotokea liliniuma kuliko nilivyotegemea. Nilisimama ukutani na khanga yake mikononi wakati nesi akifunga kipimo. Kilijaa hewa, kikapumua. Nesi alitazama namba, akapima tena mkono wa pili. Sikuthubutu kuisoma.

"Imeshuka," alisema. "Bado iko juu, mama, lakini imeshuka. Ukimeza kila siku tutafika. Huo mkono nataka daktari wa hospitali auone wiki hii, nitakuandikia. Usikubali kuahirisha."

"Sitaahirisha. Na mboga ya choya niendelee?"

"Mboga kula. Ila chumvi, mama. Chumvi ipunguze sana, ndiyo inayokusumbua."

Bibi ndipo akageuka, akanitazama kuhakikisha kwamba nimesikia, kwa sababu mpishi ni mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Jana yake nilikuwa nimeonja ule mchuzi mara tatu, na kila nilipoonja niliona haujakaa sawa, nikaongeza chumvi kidogo.